Sitini na Moja

Wifi aliingia dukani saa nne asubuhi bila hata kupiga hodi. Aliibwaga simu juu ya meza ya fundi simu, na tone la damu likaifuata likaangukia kibodi.

"Nitolee picha zote zilizomo humo," alisema. "Wakili anazitaka kwenye karatasi, na tarehe zake. Kesi inasikilizwa saa nane."

Fundi hakuuliza kesi gani. Mume wa huyu mwanamke ni kaka yake yeye fundi, tumbo moja ziwa moja, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Mbogo. Miaka tisa watu walikuwa wakimnong'oneza fundi jinsi kaka anavyompiga mkewe, na miaka tisa alitia pamba masikioni. Zamani shuleni kaka huyohuyo alimvunja taya mvulana aliyemvuta yeye nywele, naye dada mtu akatembea kifua mbele mwezi mzima. Tuseme kweli tu: ngumi za kaka zilikuwa tamu zilipowaangukia wengine.

"Kwa nini usimtumie wakili moja kwa moja?"

"Jana aliitupa ukutani. Laini haishiki, intaneti ndiyo usiseme. Na akijua zimo humu, ataimaliza. Atanimaliza na mimi."

Basi ikabaki waya. Fundi alichomeka wa kwanza, simu ikaanza kuchaji na kompyuta ikakaa kimya kama haijaona kitu. Waya wa kuchaji tu, takataka. Aliutupa chini akachomeka mwingine mnene. Safari hii kompyuta iliiona simu, lakini alipofungua folda alikuta tupu.

"Zimefutika!" Wifi alishika kichwa.

"Tulia. Simu imefungwa, haitoi kitu mpaka uifungue. Niambie namba ya siri."

"Namba hazibonyezeki. Kioo kimekufa nusu ya chini. Inafunguka kwa kidole."

"Kidole gani?"

Wifi akainua mkono wa kulia. Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba, rangi ya zambarau, kimeelekea pembeni. Mbogo alikuwa amekipinda hadi kikalia.

Fundi alikifuta damu kwa pamba na spiriti, akashika kiganja, akakibonyeza kidole nyuma ya simu. Wifi aliuma ukosi wa gauni lake. Simu ikakataa. Akakibonyeza tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii mwanamke alipiga yowe hadi muuza viatu wa jirani akachungulia dirishani, akaona haya, akaondoka. Simu ilifunguka. Fundi alijiona yeye na kaka yake hawana tofauti kubwa.

Sasa simu ikauliza kama kompyuta iruhusiwe kuona picha, na neno la kuruhusu likatokea chini kabisa, palepale kwenye kioo kilichokufa. Fundi alibonyeza mara kumi bila jibu. Alitukana. Kisha akailaza simu ubavu, maandishi nayo yakageuka yakalala, na lile neno likasogea upande uliokuwa bado hai. Akaligusa mara moja tu. Picha mia mbili na kumi na nne zikajitokeza.

"Wifi, tafadhali usiziangalie," mke wa Mbogo aliomba.

"Siziangalii," fundi alisema.

Aliziangalia. Mgongo wenye alama za mkanda. Shavu. Paja lililoungua umbo la pasi. Alianza kunakili kuanzia ya zamani kabisa, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo cha kompyuta, taratibu, maana simu yenyewe ilikuwa mahututi. Thelathini. Arobaini na mbili. Hamsini na tano.

Mlango ulipigwa teke, bawaba ya juu ikang'oka.

Alikuwa Mbogo. Alimkamata mkewe nywele akampigiza uso kwenye kabati la vioo, vioo vikamwagika na makava ya simu yakamwagikia juu yake. Akamwinua, akampigiza tena. Fundi alikamata chuma cha kuunganishia nyaya, kilichokuwa kwenye umeme tangu asubuhi, akakikandamiza kwenye mkono wa kaka yake. Ngozi iliungua, harufu ikajaa chumbani. Mbogo aligeuka, akamtazama dada yake kwa mshangao wa kweli, kisha akampiga ngumi ya mdomo.

Fundi alianguka nyuma ya meza. Ulimi ulikutana na kipande cha jino. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alionja kilichokuwa ndani ya ngumi ile, na hakikuwa kitamu hata kidogo.

Kaka yake aliuona waya. Aliufuata kwa macho kutoka kompyuta mpaka simu, akauchomoa kwa mkupuo. Akachukua nyundo ya fundi mwenyewe, akaiponda simu. Aliiponda hadi betri ikafuka moshi, akaipiga teke mpaka barazani, akaendelea kuiponda hukohuko. Aliporudi alikuwa anahema, jasho linamtoka. Alitazama kioo cha kompyuta. Kulikuwa na maneno mekundu: KIFAA KIMEKATIKA.

"Zimepita?" aliuliza.

Fundi alitema damu.

Mbogo akainua macho ukutani, kwenye tangazo ambalo dada yake aliliandika kwa kalamu nene miaka mitatu iliyopita. Liliandikwa kwa ajili ya wateja wenye haraka, na hasa kwa ajili yake yeye, aliyekuwa akija kuchukua nyimbo na kung'oa waya kazi ikiwa nusu. Alilisoma kwa sauti, polepole. "Usichomoe waya mpaka mstari ujae. Ukichomoa, zote zinapotea."

Akacheka. Akamwinamia dada yake, akampapasa kichwa kama zamani.

"Umeandika mwenyewe. Pole kwa jino, dada. Ungeniachia mambo yangu yasingekufika haya."

Alitoka akiwa amejishika mkono ulioungua.

Wifi alikuwa sakafuni kati ya vioo, analia bila sauti. "Miaka tisa," alisema. "Miaka tisa nilikuwa nazificha."

"Inuka," alisema fundi. Maneno yalimtoka na damu. "Lile tangazo ni uongo. Niliwatisha tu ili msinisumbue. Iliyokwisha kupita imepita."

Alifungua folda. Picha sitini na moja zilikuwa zimekaa kwa safu, kila moja na tarehe yake. Wifi aliuziba mdomo kwa kiganja.

Fundi alifungua ya kwanza, ya zamani kuliko zote. Wifi amesimama mbele ya kioo cha chumbani, jicho limefumba kwa uvimbe. Nyuma yake mlango uko wazi, na sebuleni kwenye kochi anaonekana kaka, miguu juu ya meza. Kando yake ameketi fundi mwenyewe, kikombe mkononi, kichwa nyuma, anacheka mpaka meno yote yanaonekana. Aliikumbuka siku ile. Aliuliza wifi yuko wapi, akaambiwa kichwa kinamuuma, akaongezewa chai.

"Hiyo iache," wifi alisema haraka. "Zipo sitini nyingine. Hiyo umo ndani, wifi. Watakuuliza."

"Waniulize."

Akaituma kwenye printa iwe ya kwanza. Kisha akampa wifi simu yake mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wateja, akafungua mdomo mbele ya mwanga wa mlango uliovunjika.

"Nipige picha. Jino lionekane."

Wifi aliishika simu kwa mkono wa kushoto, akabonyeza. Fundi akachomeka ule waya mnene, akairuhusu kompyuta, akasimama na damu ikimdondoka kidevuni, akingoja mstari ujae.