Madirisha ya Gredi ya Sita

Mji mzima wa Kabati uliujua mkono wa Wavinya, mchora mabango. Kinyozi, duka la dawa za mifugo, kibanda cha kuchaji simu, hata lango la kanisa, vyote vilibeba herufi zake nono zenye kivuli chekundu upande wa kulia. Kwa hiyo Madam Katunge, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi upande wa Matinyani, alipotaka madirisha ya Gredi ya Sita yachorwe, hakuhangaika kutafuta fundi mwingine. Alimkuta ameketi nje ya kibanda chake, kasha la brashi limefungwa. Siku hizi wenye maduka walikuwa wakienda mjini Kitui kuchapishiwa mabango ya plastiki, na kazi ya mkono ilikuwa imekauka.

“Watoto wangu wanaongea Kikamba nyumbani, Kikamba kwa barabara, nafikiri hata ndoto wanaota kwa Kikamba,” Madam Katunge alisema. “Kiswahili wanakutana nacho darasani tu. Nataka nahau kumi kwa madirisha, wazione wakiingia na wakitoka. Mwalimu Mathenge wa Kiswahili ameniandikia orodha. Wewe chora.”

Wavinya aliipokea karatasi, akaisoma. Kuwa na mkono wa birika. Kula chumvi nyingi. Kumwaga unga. Kutia chumvi. Kuangua kicheko. Kukata tamaa. Kupiga moyo konde. Zilikuwa kumi kamili, zimeandikwa kwa mwandiko wa mtu anayejiheshimu. Alifungua kinywa aulize maana ya ile ya kwanza, kisha akakifunga. Akasema ataanza Jumatatu.

Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Akiwa darasa la sita, mwalimu wao aliwaambia waandike insha kuhusu siku ya furaha nyumbani. Wavinya aliandika kwa moyo mmoja habari za siku ambayo mama yake, baada ya miaka mingi ya kupikia mafiga matatu na kulia machozi ya moshi, alirudi kutoka sokoni na jiko jipya la makaa. “Siku hiyo,” aliandika, “mama yangu alipata jiko.” Mwalimu aliisoma insha mbele ya darasa. Alipofika hapo alitua, akavua miwani, akasema, “Kwa hivyo mama yako ameoa.” Darasa lilicheka mpaka la jirani likaja kuchungulia. Hakuna aliyemweleza kwamba mwanamume akioa ndiye husemwa amepata jiko. Aliligundua mwenyewe baada ya miezi, na kufikia hapo alikuwa ameshabandikwa jina la Mama Jiko. Tangu siku hiyo Wavinya alibaki na Kiswahili cha sokoni, kile cha kuuliza bei na kusalimiana, kisicho na mitego. Cha vitabu alikiogopa kama mbwa aliyewahi kumuuma.

Darasa lilikuwa na madirisha matano, kila moja lina vilango viwili vya bati nzito vinavyofungukia nje. Ilikuwa likizo ya Aprili, shule imetulia, mbuzi wawili wa mlinzi wakila majani kando ya kisima. Wavinya alivifunga vilango vyote, akavisugua kwa msasa, akaanza. Alichora kile alichokisoma. Kwa mkono wa birika, alichora birika la chai lenye mkono wa binadamu ubavuni, vidole vitano na pete. Kwa kula chumvi, alichora ajuza ameshika kijiko mbele ya bakuli la chumvi. Mwenye kutia chumvi alikuwa kijana anayezungumza huku akinyunyizia maneno yake kwa mkebe. Kicheko kilianguliwa na kuku, vifaranga wakitoka kwenye mayai meno yote nje. Palipokuwa na moyo konde, alichora mwanamke aliyevaa glavu za ndondi, anauendea moyo mwekundu mkubwa kama gunia. Alifanya kazi siku nne bila kuinua kichwa. Jioni ya siku ya nne alirudi nyuma hatua kumi, akatazama, akajikuta anatabasamu. Ilikuwa muda mrefu hajafanya kazi iliyompendeza namna ile.

Shule ilipofunguliwa, alikuja mapema kumalizia pembe. Watoto walijazana ukutani wakisukumana, wakielekezeana vidole, wakishika matumbo. Ndipo Mwalimu Mathenge alipofika, mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo unakata. Watu wake walitoka Nyeri zamani wakafungua duka mjini Salama, kwenye barabara ya Mombasa, na huko ndiko alikokuwa ametumia likizo. Alipita dirisha moja baada ya jingine. Mwishoni alimgeukia Wavinya.

“Fundi, hii ni nini?”

“Niliandikiwa mkono wa birika, Mwalimu. Nikachora mkono wa birika.”

“Mtu mwenye mkono wa birika ni mchoyo. Mchoyo. Hapo hakuna birika.” Sauti yake haikuwa kali, ila kila mtoto aliisikia. “Sasa mtihani ukiuliza maana ya kula chumvi nyingi, hawa si wataandika ugonjwa wa presha?”

Watoto waliangua kicheko. Wavinya alisikia masikio yakimchemka, na kwa muda akawa msichana wa darasa la sita tena, kalamu mkononi na macho sakafuni.

“Sitaki kukuvunjia heshima,” Mathenge alisema, akishusha sauti. “Umechora vizuri. Lakini umechora maneno, hukuchora maana. Paka rangi juu yake, tuanze upya.”

Usiku ule Wavinya hakula. Alifikiria kutuma ujumbe kwamba ameugua. Lakini asubuhi alipanda pikipiki ya boda na mkebe wa rangi ya kijivu kati ya magoti, akaingia shuleni kabla ya kengele, na kufungua kifuniko. Aliamua aanze na yule ajuza, kwa sababu ndiye aliyempenda zaidi na alitaka amalize uchungu huo kwanza.

Msichana wa Gredi ya Sita, Ndila, alikuwa na zamu ya kufagia. Aliuweka ufagio chini.

“Fundi, unamfuta nyanya?”

“Nimeambiwa nimfute.”

“Lakini mimi nimeshamjua.” Ndila alisogea karibu na bati. “Huyu si mgonjwa. Ni mzee tu. Nyanya yangu ana miaka tisini na kitu. Ukichukua chumvi yote ameweka kwa mboga tangu akiwa mdogo, si inaweza kujaa gunia? Mimi bado nimekula kidogo. Ndio maana mtu akikula chumvi nyingi, ameishi sana.”

Wavinya alibaki na brashi hewani. Alimtazama ajuza wake, kijiko mkononi, na kwa mara ya kwanza akaelewa alichokuwa amekichora.

Hakujua kwamba Mathenge alikuwa nyuma yao, mrundo wa madaftari kwapani. “Nani alikwambia hivyo?” mwalimu aliuliza.

Ndila alishtuka. “Hakuna, Mwalimu. Nimeangalia tu.”

“Na huyu wa unga?”

Msichana alienda kwenye dirisha la tatu, pale mwanamume alipokuwa amesimama mlangoni kwake na mfuko uliopasuka, unga umetapakaa miguuni. Alifikiri. “Huyu alikuwa anapelekea watoto chakula. Sasa umemwagika, hawana. Ni kama baba ya mtu akifutwa kazi.”

Mathenge aliweka madaftari juu ya ukingo wa veranda. Akamwambia Ndila aende akaendelee kufagia.

“Miaka kumi na moja nawaandikia hiyo ubaoni,” alimwambia Wavinya. “Kumwaga unga, nukta mbili, kupoteza kazi. Wanakariri Jumatatu, Ijumaa imeenda.”

Wavinya aliona hakuna tena cha kuficha. “Mwalimu, mimi sikuwa najua maana ya hizi maneno. Hata moja, isipokuwa ile ya kukata tamaa. Niliogopa kuuliza.” Akamsimulia habari ya jiko la mama yake, yote, mpaka lile jina.

Alingoja kicheko. Mathenge hakucheka. Alikuna kidevu.

“Nilikuwa mdogo, tuko Salama dukani kwa mama,” alisema. “Nyumbani ni Kikuyu, nje ni Kikamba, Kiswahili ni cha madereva wa malori. Siku moja nikasikia wanasema dereva mmoja, Nzomo, amemwaga unga. Nikachukua beseni na ufagio mdogo, nikakimbia mpaka kwenye malori. Nilitaka niuzoe kabla haujaingia mchanga, nimpelekee mama. Nikamkuta Nzomo ameketi peke yake kwenye jiwe. Nikamuuliza, unga uko wapi?”

“Akasema nini?”

“Alinitazama na beseni langu, akacheka mpaka akalia. Halafu akanunua soda mbili, tukanywa pamoja. Hiyo nahau sijawahi kuisahau.” Alichukua madaftari yake ukingoni. “Na mimi nikaja hapa nikawa mtu wa nukta mbili.”

Kengele ililia. Ndani ya darasa Ndila alikuwa akifungua madirisha ili vumbi la kufagia litoke. Vilango vilizunguka kimoja kimoja vikalala ukutani, na picha zikageukia ukuta zikapotea. Mahali pa ajuza palibaki bati tupu. Wavinya alisogea, akagusa bati lile kwa kiganja, akakirudisha kilango nusu, ajuza akachungulia, akakifungua tena.

“Mwalimu,” alisema, “upande huu hauna kitu.”

Mathenge alitazama bati, akamtazama yeye. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Likifungwa, maneno. Likifunguliwa, maana.

Mkebe wa kijivu ulirudi Kabati kama ulivyokuja. Wiki mbili zilizofuata, kila masomo yalipoisha, Mathenge alileta kiti nje akasahihisha madaftari, na Wavinya akachora upande wa pili, wakibishana. Nyuma ya birika alikaa mtu aliyefunika sahani yake kwa mikono yote miwili wakati mgeni amesimama mlangoni. Nyuma ya ajuza alikuwa ajuza yuleyule, vitukuu wamemzunguka hadi hawahesabiki. Kwa kukata tamaa, Mathenge alitaka mtu anayelia. Wavinya alikataa.

“Aliyekata tamaa halii,” alisema. “Kulia ni bado anataka kitu.”

Akachora mwanamke ameketi nje ya kibanda mchana, kasha limefungwa mapajani, watu wanapita. Mathenge aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu, na hakuuliza ni nani. Nyuma ya moyo konde alimchora mwanamke huyohuyo amepanda ngazi, mgongo kwa watazamaji, mkono umeinuka, magoti yanatetemeka kidogo. Kuyafanya magoti ya rangi yatetemeke kulimchukua siku nzima.

Watoto waliugeuza ukuta ule mchezo. Mmoja anasimama uani, mwenzake anashika kilango, anauliza, “Nifungue?” na wa uani lazima aseme maana kwanza. Baada ya majuma machache Mathenge aliona jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wake. Mtoto asiyeelewa hesabu hakusema tena hajaelewa. Alisema, “Mwalimu, hii bado sijafungua dirisha.” Wa gredi ya nne, ambao hata hawasomei darasa hilo, wakaanza kusema hivyohivyo. Madam Katunge aliwaelezea wazazi kitu kwenye mkutano, mzee mmoja wa kanisa, Musyimi, akanyoosha mkono, “Madam, hapo tufungulie dirisha,” na hakuna aliyecheka kwa sababu hakuna aliyeona ajabu. Mathenge alimpigia Wavinya simu usiku huo kumwambia. Alisema ameangalia kamusi zake zote mbili na nahau hiyo haimo.

“Si utaiandika?” Wavinya aliuliza.

“Niandike nukta mbili?” Mathenge alisema, na wote wawili wakacheka.

Kazi hazikumiminika kama mvua, lakini zilianza kuja. Shule nyingine mbili ziliulizia. Zahanati ikataka ukuta wa akina mama wajawazito. Wavinya alijizoeza kuuliza. Mtu akimpa maneno asiyoyajua, alisema wazi, “Hiyo sijui, niambie,” na akashangaa jinsi watu wanavyopenda kuulizwa.

Siku moja ya soko mwezi wa Septemba, alisimama kwa mama muuza ndengu, choroko za kijani, ambaye hakuwahi kumwona, mtu wa kutoka mbali upande wa chini, mizigo yake bado ina vumbi la safari. Mteja mbele yake alikuwa akilalamika kuhusu namna mpya ya kulipia kwa simu, na yule mama akatikisa kichwa huku akiendelea kupima.

“Kwa hayo mambo ya simu,” alisema, “mimi dirisha bado halijafunguka.”

Wavinya aliganda, kikapu mkononi. Zamu yake ilipofika hakutaja ndengu.

“Mama, hiyo maneno ya dirisha umetoa wapi?”

Mama yule alimkazia macho, kama anayeulizwa maji huitwaje.

“Kutoa wapi? Si ni Kiswahili tu. Watu husema hivyo.” Alichovya mkebe wa gorogoro kwenye gunia. “Nikupimie ngapi?”

“Mbili,” Wavinya alisema, na akafungua mdomo wa kikapu ili mama yule amimine.