Robo Saa ya Weston

Kila mwezi wa nne Wamarekani hutushukia hapa Ujerumani, kando ya mto Neckar, kila mmoja na masanduku ya kutosha kuhamisha kijiji. Wanakuja kusoma muhula wa kiangazi, na kabla hawajaingia darasani hupitia kwangu, Gerlinde Rapp, karani wa wanafunzi wa nje. Kabla ya kupewa kiti hiki nilipiga deki kumbi za chuo hiki hiki miaka tisa, kwa hiyo maprofesa nilianza kuwajua kwa viatu vyao, nyuso zilifuata baadaye.

Mwaka huu aliyenikaa rohoni ni Weston Burkhalter, mtoto wa mfugaji wa Nebraska, mrefu kama nguzo ya simu, mpole, na msemaji wa polepole mno. Akikusalimia unaweza kunywa chai ukamaliza. Alikuwa amebakiza mtihani mmoja, wa mdomo, kwa Profesa Sauter. Akiupita, anamaliza chuo kwao na mwezi wa nane anaanza kazi aliyokwisha kuahidiwa, kufundisha Kijerumani. Akiukosa, asubiri mwezi wa kumi, na kazi imekwenda kwa mwingine.

Sasa kosa lilikuwa langu. Siku yake ya kwanza alikuja ofisini macho mekundu.

"Mama Rapp, nimeingia darasani saa nne kamili, hakuna mtu. Wamenikimbia?"

"Wakukimbie wamekujulia wapi? Kijana, hapa chuoni saa nne ni saa nne na robo. Ndivyo ilivyo tangu enzi za mababu. Anayewahi ni mgeni au mgonjwa."

Akaandika kwenye daftari, akapigia mstari. Ilibaki niongeze, isipokuwa mitihani. Simu ikalia, alikuwa dada yangu na umbea wa moto moto, mitihani ikanitoka kichwani.

Weston akaishika ile robo saa kama aliyeokoka. Akaenda nayo kwa daktari wa meno, akafukuzwa. Treni ya Stuttgart ikamwacha mara mbili.

"Hiyo treni haijasoma," akaniambia. Akakata shauri kwamba nje ya chuo haifai, lakini ndani ya chuo ni sheria. Nami nikacheka mpaka nikashika mbavu, mjinga mimi.

Siku ya mtihani, saa nne kasoro dakika tano, nikachungulia dirishani kutoka ghorofa ya tatu. Weston huyo, amekaa kando ya chemchemi ya uani, suti ya kuolea, anakula mkate wa chumvi bila haraka.

"Weston! Panda juu!"

Akanipungia. "Bado dakika ishirini, mama!"

"Panda, nakwambia!"

Akaninyooshea dole gumba. Alidhani namtia moyo. Simu yake ameizima, goti langu bovu, ngazi sabini. Na kabla sijageuka, Profesa Sauter alikuwa mlangoni kwangu, saa mkononi.

"Bi Rapp, saa nne imefika, mtahiniwa hayupo. Nipe fomu ya kutofika."

Bila fomu ile, yenye mhuri wangu, hakuna profesa anayeweza kumwangusha mtu kwa kutofika. Nikaanza kuitafuta. Nikafungua droo ya kwanza. Nikaifunga. Nikafungua ya pili.

"Miaka kumi na tisa," akasema Profesa, "hujawahi kutafuta kitu."

"Uzee, Profesa."

"Umekalia nini?"

"Kiti."

"Na juu ya kiti?"

Nikafungua droo ya tatu, polepole, hata robo saa ikatimia. Ndipo Weston akaingia, chembe za mkate kwenye tai, anang'aa.

"Habari za asubuhi! Nimefika dakika hiyo hiyo!"

"Mtihani ulikuwa saa nne," Profesa akasema.

"Ndiyo, Profesa. Na robo."

"Nani alikufundisha hayo?"

Nilitegemea angalau asite kidogo. Kidole kikanielekea kabla swali halijaisha. "Mama Rapp!"

Profesa akanitazama hadi nikatamani ndoo yangu ya deki.

"Ulipewa dakika thelathini," akamwambia Weston, "zimebaki kumi na tano. Maswali hayapungui."

Wakaingia chumba cha mtihani, mlango ukafungwa. Nikabandika sikio. Msemaji yule wa polepole, robo saa si hata utangulizi! Lakini nilichosikia kilinitoa jasho: Kijerumani kinamiminika kama mvua juu ya bati, tarehe, wafalme, mikataba, hapumui, sauti inapanda na kushuka kwa mahadhi, mara moja hata meza ikagongwa. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba kwao, kila Jumamosi, ni yeye aliyekuwa akinadi ng'ombe wa babake mnadani, ambako bei huimbwa mbio mbio bila kupumua.

Mlango ulipofunguka, msaidizi aliyekuwa akiandika majibu alitoka kwanza, anajinyoosha vidole. Profesa akafuata, kashika tai yake, uso umemwiva.

"Amepita," akasema. "Nusura ninunue ng'ombe."