Chiriku Aingia Ziwani

Kinyozi alikuwa ameshamnyoa mteja nusu kichwa mlango uliposukumwa kwa kishindo, akaingia binti yake, nywele zikichuruzika maji.

"Baba! Nimechaguliwa! Jumamosi naogelea ziwani, mpaka kwenye boya na kurudi!"

Mashine ikamponyoka kinyozi, ikaning'inia kwa waya wake. Mteja akajipapasa sikio, akashukuru kulikuta mahali pake.

"Nani kakuruhusu?"

"Mama. Na mwalimu. Na mimi."

Binti huyu, waliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kituo, alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alizaliwa na sindromu ya Down, na moyo wenye tundu. Tundu lilizibwa angali mchanga, daktari akasema amepona. Lakini hofu iliyomwingia baba mtu nje ya chumba cha upasuaji haikupona. Chiriku akipanda ngazi, baba yuko nyuma amekunjua mikono. Akivuka barabara, baba keshatangulia kusimamisha magari. Kwenye bwawa la kuogelea alimruhusu kwa shingo upande, maana bwawa lilikuwa na sakafu, nayo ilionekana. Ziwa je?

Jioni akamkabili mkewe jikoni. "Unataka kumwua mtoto?"

"Mtoto yupi? Mimi namwona mtu mzima anaanika taulo lake."

"Nasema kweli, mama."

"Na mimi nasema kweli. Mfa maji humu ndani ni wewe, na hujaingia hata kwenye beseni."

Kesho yake alimfuata mwalimu wa kuogelea, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. "Si kuna mashindano ya wale walio kama yeye?"

"Yapo, na ameshinda. Haya ameyataka mwenyewe. Nimempa jaribio lilelile nililowapa wenzake. Wengine wameshindwa, yeye amepita. Nimwambie nini, mzee? Kwamba amepita lakini baba yake kashindwa?"

Kinyozi akarudi nyumbani. Usingizi ukamkimbia wiki nzima. Kila alipofumba macho aliyaona maji.

Jumamosi waogeleaji wakajipanga kwenye gati la mbao, kila mmoja na kofia ya njano. Chiriku alisugua miwani yake kwa kidole, akamgeukia baba yake.

"Usiniite nikiwa majini. Nikigeuka nakunywa maji."

Filimbi ikalia. Wote wakajitosa kwa mpigo, na kinyozi akahisi kama aliyesukumwa ni yeye. Kwa muda aliifuata kwa macho kofia moja iliyokuwa ikienda polepole, pembeni kidogo. Ikafika kwenye boya, ikazunguka. Mkewe akapiga vigelegele. Ndipo upepo ukainuka, ziwa likageuka rangi, mawimbi yakaanza kupandana. Kofia zikawa zinazama na kuibuka, zinazama na kuibuka. Moja ikazama, isiibuke.

"Yuko wapi?" Kinyozi akamshika mkewe mkono. "Mama, yuko wapi?"

Mkewe naye alikuwa ameacha kupiga vigelegele.

Kinyozi hakumbuki alivyoshuka gati. Alijikuta majini na viatu vyake, matope yakimvuta, maji yakimpanda kifuani, na yeye kuogelea hajui. Akafungua kinywa apige ukelele, jina likafika kwenye ulimi, akakumbuka alivyoambiwa. Kama yuko hai, akigeuka atakunywa maji. Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akabaki hapo, machozi yanamtoka.

Boti ya waokoaji ikapita mbele yake, ikapunguza mwendo. Nyuma ya wimbi, njano ikaonekana. Chiriku alikuwa amelala chali, mikono kaitandaza, anapandishwa na kushushwa na maji.

"Tukutoe?" mwokoaji akauliza.

"Hapana! Napumzika!"

Mwokoaji akainua dole gumba kuelekea ufukweni. Kinyozi hakuamini dole lile. Aliamini tu Chiriku alipojigeuza na kuanza tena kupiga maji, mkono mmoja, mkono wa pili, bila haraka, mpaka miguu yake ikagusa mchanga. Aliwashinda watu wawili. Mmoja wao, karani mwenye kitambi, alitoka nyuma yake akitema maji.

"Wewe dada, umenipiga mateke ya maji usoni njia nzima!"

"Si ungepita!"

Watu wakacheka, karani mwenyewe akacheka, akampa mkono. Mwalimu akamvisha medali ya kumaliza kama aliyowavisha wengine. Chiriku akaishika, akamtazama baba yake aliyelowa shati zima.

"Baba, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nilidhani umezama."

"Nilichoka. Ukichoka unalala chali. Hukufundishwa?"

"Sikufundishwa."

Chiriku akamhurumia kidogo. Kisha akasema, "Mwakani ni mpaka kisiwani."

Kinyozi akakitazama kisiwa, mbali kule, kimefifia kama moshi. Neno "hapana" lilikuwa tayari, limeiva.

"Nitaogopa sana, mwanangu," akasema badala yake.

"Ogopa tu, baba. Ila ukae na mama."

Akaondoka mbio kupiga picha na wenzake. Kinyozi akaketi mchangani, akavua kiatu, akamwaga maji, meno yakigongana bado.