Kupe Asiyeng'oka

Alhamisi asubuhi Hollis Tackett alimpakia Jubal kwenye pikapu kwenda kwa daktari wa mifugo, akijua kwamba huenda akarudi na kamba tupu. Jumamosi binti yake Darla angefika na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Jubal, mbwa wa kuwinda wale wanyama wadogo wa usiku waitwao rakuni, ambaye kwa miaka saba hakuwahi hata kumngurumia mtu, alikuwa amemng'ata Hollis mkono mara mbili ndani ya wiki moja. Darla alikwisha kusema kwenye simu: mbwa au mjukuu, baba achague.

Kupe ndio walioanza. Mwezi wa sita, katika vilima vya Ozaki, ukivuka malisho kwenda kijitoni unarudi nao kwenye soksi. Mbwa hurudi nao masikioni, kwapani, hata kati ya vidole. Kila jioni Hollis aliwang'oa kwa kibano na kuwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa, kama baba yake alivyofanya. Wote walitoka isipokuwa mmoja wa tumboni. Alimvuta, akamzungusha, akampaka mafuta ya taa ili akose pumzi. Wapi. Ngozi ikawa nyekundu, ikatoa maji, na Jubal akailamba mpaka manyoya yakanyonyoka.

Daktari wa mifugo, Oleta Finch, aliyesoma darasa moja na Darla, alimfunga mbwa mdomo kwa bandeji, akamlaza ubavu na kumtazama tumbo kwa muda. Akauliza kupe huyo amevutwa siku ngapi. Siku tisa, Hollis akajibu, na akaongeza kwamba tangu azaliwe hajaona kupe mbishi namna hiyo.

"Mzee Hollis," daktari akasema, "hii ni chuchu."

"Jubal ni dume."

"Na wewe je? Huna?"

Daktari akafunua manyoya, akamwonyesha nyingine, mbili mbili, mpaka karibu na kinena. Akamweleza kwamba mafuta ya taa yameunguza ngozi, na kwamba mbwa yeyote angeung'ata mkono ule. Akampa marhamu ya kupaka mara mbili kwa siku.

"Na ile sindano ya mwisho, ya kumuua?" Hollis akauliza.

"Anayestahili sindano hapa si mbwa."

Hollis aliporudi nyumbani alimpigia Darla simu, akamweleza yote bila kuficha. Darla alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akasema watakuja, ila Jubal akae bandani mpaka kidonda kipone.

Ilibaki kazi ya kupaka marhamu. Jubal alipoiona mikono ya Hollis inamkaribia, aliingia uvunguni mwa pikapu. Hollis akalala chini kwenye kokoto, mkono kaunyoosha. Ilipita kama saa nzima. Mwishowe mbwa akajikokota, akajilaza kando yake, tumbo kalibana ardhini. Hollis hakujaribu kumgeuza. Alimkuna shingoni tu, taratibu, na mbwa akamwachia amkune.