Mmoja kwa Kila Katoni

Kwa miaka minne, kila Jumapili ya tatu ya mwezi, Shigeki Nanbara na bintiye Kozue walikuwa wakimtafuta bibi kizee asiyezidi urefu wa kiganja.

Jina lake Otane. Katika gemu waliyokuwa wakiicheza Kozue akiwa bado anakaa mapajani mwa babake, bibi huyu hakupigana na mtu. Alikaa kibandani akikoroga supu. Shujaa akichapwa hadi kuzimia, alizindukia hapo, na Otane akamwambia, "Umeamka? Kunywa kwanza." Basi, hana neno lingine. Sanamu za gemu hiyo zilitoka nane. Kozue alikuwa na saba.

Jumapili moja kwa mwezi ndiyo iliyoandikwa Shigeki na Satomi, mamake Kozue, walipoachana. Wengine wangempeleka mtoto sinema. Wao walishika njia ya Nipponbashi, wakaingia duka hadi duka, wakichungulia makabati ya vioo na makapu ya vitu vilivyotumika, na wakitoka patupu walikula vitumbua vya pweza wakiwa wamesimama, wakapanga pa kuanzia mwezi ujao.

Mwezi wa saba Satomi alipiga simu. "Kozue ametimiza kumi na mitatu," alisema. "Akitaka kuja kwako, atakuja. Asipotaka, simsukumi."

"Sawa," Shigeki alijibu, kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa ndani ya treni na hataki kulalamika.

Wiki hiyohiyo alitumwa kutengeneza lifti iliyokwama jirani na duka la Mama Kamei, mojawapo ya yale waliyozoea kuyapekua. Alipomaliza akapita kusalimia, na ndani ya kabati la kioo, mwiko mkononi, kilemba kichwani, akamwona Otane. Angepaswa kuruka kwa furaha. Badala yake aligeuka kutazama mlangoni. Tukimpata huyu, aliwaza, Kozue atakuja kutafuta nini?

Akamwomba Mama Kamei amfiche Otane nyuma ya duka. Mama Kamei alimtazama kama mtu anayetazama samaki wa juzi, lakini akamficha.

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi, mvua inanyesha, na baba na mwana walikuwa wamesimama tena katika duka lile wakichuruzika maji.

"Mmeniletea mafuriko," alisema Mama Kamei. "Miavuli nje!"

Kozue aliufunga mwavuli wake, akaegemea kaunta. "Mama Kamei, hivi huyu bibi kwa nini ni adimu hivi? Wafalme na mazimwi wamejaa tele. Mpika supu ndiye asionekane?"

Shigeki aligeukia kapu la mazimwi, akaanza kuyapekua kwa bidii ya ajabu.

"Kiwanda kiliuza kwa katoni, mwanangu," alisema Mama Kamei. "Katoni moja, sanamu ishirini na nne. Shujaa sita, binti mfalme watano, wengine wawili watatu, Otane mmoja. Mimi mwenye duka sichagui. Nikitaka Otane wawili, ninunue katoni mbili, nibaki na mashujaa wa kuwashia moto. Na nani alimtaka wakati ule? Watoto walitaka panga! Nilimtia kapu la bei ya kutupa, watu wakampita kama jiwe la njiani. Wengi waliishia jalalani."

"Halafu?"

"Halafu watoto wale wakakua. Wakahama kwao, wakaanza kazi, wakaugua homa peke yao chumbani. Ndipo wakamkumbuka aliyekuwa akiwaambia wanywe kwanza. Sasa aliye naye hamwachi." Alipangusa kaunta mara moja, akakitupa kitambaa cha kufutia begani. "Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili muulize baba yako. Nanbara, mimi si ghala lako. Kuna binti muuguzi ananipigia simu kila wiki. Leo sema, au kesho nauza."

Kozue aligeuka. "Baba?"

Shigeki aliliacha zimwi alilokuwa nalo. Angeweza kudanganya, Mama Kamei asingemsuta mbele ya mtoto. Lakini uso wa Kozue ulikuwa umemkazia macho, wenye matone ya mvua kwenye nyusi, na hakuona pa kupita.

"Yuko hapa," alisema. "Nimemficha mimi."

Mama Kamei alitoa kisanduku, akakiweka kaunta, kisha akaenda kupangusa kioo kilichokuwa safi tayari.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa saba."

"Baba! Mwezi wa nane ulinitembeza juani mpaka soli ya kiatu ikabanduka!"

"Si nilikununulia vingine?"

"Vibaya!"

"Vibaya," alikubali. Kisha ikabidi aseme. "Mama yako aliniambia sasa kuja ni hiari yako. Nikaona ukishampata, Jumapili itabaki na nini? Mimi si mtu wa maneno, Kozue. Mimi najua lifti."

Kozue alikishika kisanduku, akamtazama Otane kupitia plastiki. Alikigeuza huku na huku mpaka Shigeki akahisi maji yanaingia soksini.

"Ile mashine ya gemu nilimpa binamu," alisema hatimaye. "Mwezi wa pili."

"Wa pili mwaka huu?"

"Mwaka jana. Na zile saba ziko ndani ya boksi, juu ya kabati. Sijazitazama siku nyingi."

"Sasa ulikuwa unakuja..."

"Ningekuambia sizitaki tena, ungenipeleka wapi? Kwenye lifti?"

Kicheko kilimponyoka Mama Kamei kule kwenye kioo chake. Shigeki naye alitaka kucheka, akajikuta anafuta uso kwa kiganja, ijapokuwa mvua ilikuwa nje.

Kozue alikisukuma kisanduku upande wa Mama Kamei. "Mpe huyo muuguzi."

"Una hakika, mwanangu?"

"Yeye ndiye anayemhitaji."

Walitoka. Vitumbua vya pweza viliwaunguza ndimi, wakalaumiana nani aliyeharakisha. Kisha wakatembea bila kujua wanakokwenda, wakipita maduka pasipo kuingia. Mara mbili Shigeki alisimama mlangoni kwa mazoea, na mara mbili Kozue akamvuta mkono wa koti.

Kituoni, treni ilipokuwa inakaribia, Kozue alisema, "Mwezi ujao njoo saa nne. Saa tano kama leo tunachelewa."

"Tunachelewa wapi?"

"Sijui," alisema, akipanda. "Lakini tunachelewa."