Kijitabu cha Yamikani

Mwanamume tusiyemjua alisukuma mlango katikati ya somo, mtoto mikononi, akamlaza juu ya meza kando ya mwanasesere.

"Nimezunguka huku kote," alisema. "Hakuna mtu."

Ilikuwa kweli. Kitengo kizima cha dharura tulikuwa mle chumbani tukifundishwa namna ya kumwokoa mtoto aliyeacha kupumua, na mhudumu tuliyemwachia zamu alikuwa amekwenda kuchungulia kama chai imefika. Mwalimu wetu, Sista Zione, alikuja na yule mwanasesere wa mpira kutoka Blantyre. Tulimpa jina la Mheshimiwa, maana kila ukimwuliza jambo anakukodolea macho tu. Dakika moja kabla nilikuwa nimemwinamia, na Sista ananisuta: "Alinafe, unabonyeza au unambembeleza? Huyo hajanuna, amekufa!" Watu wakaangua kicheko.

Sasa hakuna aliyecheka. Mtoto alikuwa wa miaka mitatu hivi, midomo imegeuka rangi ya majivu. Sista Zione alimsukuma Mheshimiwa akaanguka sakafuni.

"Inueni kidevu. Pumzi tano. Alinafe, kifua!"

Kifua kilipanda kwa kila pumzi, kama tulivyofundishwa asubuhi ile ile. Mapigo hayakuwepo. Nikabonyeza mara kumi na tano, pumzi mbili, kumi na tano tena, pumzi mbili. Mmoja alipata mshipa, mwingine alipima sukari, mwingine alisimama na saa akiandika. Hakuna aliyepayuka, hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Nilikuwa na miezi minane tangu nitoke chuoni, na sijapata kutuona tukifanya kazi vizuri namna ile.

Dakika ya thelathini na tano Sista Zione aliweka mkono wake juu ya mikono yangu.

"Basi, mdogo wangu. Mwache."

Mwanamume alikuwa amesimama dirishani muda wote. "Ni degedege," alisema. "Homa tangu jana." Akanipa kijitabu cha afya cha mtoto. Kilikuwa kipya kabisa, kimeandikwa jina tu: Yamikani. "Cha zamani kililowa mvua."

Hakuna aliyeshtuka. Ilikuwa Februari, mapaa yanavuja, vijitabu vinalowa, watu wananunua vingine. Lakini kipimo cha malaria kilionyesha hana. Nilipokuwa nikimfuta uso niliona michubuko nyuma ya sikio, minne, imepangana kama vidole. Niliinua mdomo wa juu. Kile kinyama chembamba kinachoushika kwenye ufizi kilikuwa kimechanika.

Sista Zione aliona nilichokiona. Akatoka kwenda kupiga simu polisi. Somo lake la mchana lilihusu alama kama hizo: namna ya kumtambua mtoto anayeumizwa nyumbani, na namna ya kumlinda. Wengi wetu tulikuwa tumepanga kulitoroka baada ya chakula.

Nilitoka chumbani kwenda kunawa mikono. Kwenye benchi la nje alikaa msichana wa miaka tisa hivi, amejifunga chitenje, kitenge kilichompita urefu.

"Amekufa?" aliniuliza.

"Amekufa, mwanangu. Pole. Wewe ni nani yake?"

"Dada yake. Tadala."

"Mama yuko wapi?"

"Joni, Afrika Kusini. Anafanya kazi za ndani tangu mwaka juzi." Alitazama mlango. "Yule si baba yetu. Ni mume wa mama tu."

Hakulia. Aliingiza mkono ndani ya chitenje akatoa kijitabu, kimekunjamana, kikavu kabisa. "Cha Yamikani ni hiki. Yule aliniambia nikitupe chooni." Nilinyoosha mkono, lakini hakukiachia. "Nikikupa, nitarudi naye nyumbani?"

"Leo hurudi naye," nilisema.

Nilisema bila kujua nitafanyaje. Ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitalini ilikuwa imefungwa tangu afisa wake ahamishwe. Lakini Tadala alikiachia kijitabu.

Kulikuwa na chanjo zote, kwa mpangilio, za siku ambazo mama alikuwepo. Kisha Oktoba: ameungua paja, maji ya moto. Desemba: mfupa wa bega umevunjika, ameanguka kitandani. Januari: mkono umevimba, ameanguka kwenye baiskeli, apewe dawa ya maumivu, arudi nyumbani. Kila ukurasa ulikuwa na mwandiko tofauti, kwa sababu kila mmoja wetu hufungua ukurasa mtupu unaofuata akaandika, foleni iende. Hakuna anayerudi nyuma kusoma.

Mwandiko wa Januari ulikuwa wangu, na sahihi yangu chini yake. Siku kumi na sita zilizopita.

Nilijaribu kuukumbuka uso wake. Sikuweza.

"Nipe nione," alisema Bwana Mkwezalamba, mkuu wetu wa kitengo, aliyekuwa amesimama nyuma yangu. Alisoma mpaka mwisho, akakifunga taratibu. "Unajua hii ni nini?"

"Ushahidi, bosi."

"Ni jina lako. Uko kwenye majaribio, hata mwaka hujamaliza. Polisi wakikishika hiki, kitafika baraza la madaktari, na wewe utakuwa ndiye uliyemwona ukamrudisha." Alinirudishia. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kunipikia uji nilipougua. "Malaria inaua watoto kila siku mwezi huu, mdogo wangu. Andika malaria, kitie hicho mfukoni, uendelee kuwasaidia waliobaki."

"Kipimo kimesema hana malaria."

"Vipimo hukosea."

"Na huyu binti?"

"Wewe umemzaa?"

Sajenti alifika saa tisa kwa pikipiki, suruali imelowa matope hadi magotini. Mwanamume alikuwa ameshaandaa maneno. Alilia, tena kwa machozi. Alisema baiskeli ya kukodi inamsubiri langoni, jamaa wameanza kukusanyika msibani, na binti lazima arudi apike.

"Tadala! Simama twende."

Tadala alisimama. Alinitazama mara moja tu.

"Kuna malalamiko gani hasa?" Sajenti aliuliza. "Sista ananiambia michubuko. Watoto huanguka. Baba ameleta kijitabu hiki, hakina kitu."

Sista Zione alikitazama kile kijitabu kipya. Yeye hakujua kuna kingine. Bwana Mkwezalamba alikuwa akitazama viatu vyake. Kile cha zamani kilikuwa kwenye mfuko wa koti langu jeupe, na nikiri kwamba mkono wangu ulikishika ukabaki humo humo, kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu hadi kumi. Nilimfikiria mama yangu, aliyelitundika joho langu la mahafali ukutani. Nilifikiri naweza kuuchana ukurasa mmoja tu. Lakini bila Januari ingebaki ajali mbili za zamani, na mtoto mwenye ajali mbili ni mtoto mtundu.

"Kijitabu chake ni hiki," nilisema.

Sajenti alisoma akifuata mistari kwa kidole. Mwanamume aliacha kulia, ghafla, kama bomba lililofungwa.

"Huyu wa Januari, A. Kamwaza, ni nani?"

"Ni mimi."

"Ulimwona ukamwacha arudi?"

"Nilimwona nikamwacha arudi."

"Itabidi uandike hivyo hivyo."

Niliandika hivyo hivyo, kwenye meza ile ile, mwili wa Yamikani umefunikwa kwa shuka. Nilipomaliza kutia sahihi, Bwana Mkwezalamba alikuwa ameshalifuta jina langu kwenye ratiba ya zamu ukutani. Hakunitazama. Aliniambia nisubiri barua nyumbani.

Somo la mchana halikufanyika. Wenzangu walikusanya viti, mmoja akamwokota Mheshimiwa na kumrudisha kwenye sanduku lake.

Sista Zione alikubali kukaa na Tadala kwenye nyumba ya wageni ya misheni. Hiyo ilikuwa ya usiku mmoja. Bibi yao anaishi Ntchisi, hana simu, na hakuna aliyejua kama yuko hai.

"Na kesho?" Tadala aliniuliza langoni.

"Sijui," nilimwambia, kwa kuwa sikutaka kumdanganya.

Sajenti alimpakia mwanamume nyuma ya pikipiki. Walipopita karibu yetu, mwanamume aligeuka akamwita binti kwa jina, mara mbili, kwa sauti ya upole. Tadala alishika ncha ya koti langu, ambalo nilipaswa kulirudisha ofisini kabla ya saa kumi na moja. Tulisimama hivyo mpaka pikipiki ikapinda kwenye barabara ya Lilongwe, bila Tadala.