Wachezaji Watatu wa Prudent

Radio ya Angélique ilipoitaja timu ya Dorothée, mwenyewe alikuwa amesukwa nusu ya kichwa. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha, mistari imelala vizuri. Wa kushoto umesimama wima kama majani ya nanasi.

"Nyamaza kidogo," alimwambia Angélique, msusi wake, ambaye kwa kweli hakuwa amesema neno.

Ilikuwa Jumatatu mchana, saa ya habari za michezo, na mtangazaji alikuwa Prudent, kijana ambaye sauti yake ilijulikana katika kila duka la Bunia. Alikuwa akisoma majina ya wachezaji watatu wa basket wa shule ya sekondari, institut ya kilimo, ambao, kwa maoni yake, wameendelea kuliko wenzao wote tangu mwezi wa kumi.

Dorothée ndiye aliyekuwa kocha wa timu hiyo, mwaka wa nne sasa. Asubuhi alifundisha hesabu kwenye shule ya wasichana. Alasiri alikwenda kiwanjani kuwapigia kelele vijana kumi na wawili mpaka sauti imkauke. Alitega sikio.

"Numéro trois," Prudent alisema, akiivuta sauti, "Antoine!"

Dorothée aliruka, na nywele tatu zikabaki mkononi mwa Angélique.

"Antoine? Antoine aliacha timu mbele ya Noeli! Iko Kasenyi, anauzisha samaki!"

"Labda ameendelea mu samaki," Angélique alisema. "Ikala, Mama. Utaharibu mustari."

Wa pili alikuwa Christian, "mrefu wetu, ambaye sasa amejua kutupa mpira kutoka mbali." Wa kwanza alikuwa Davy. Kisha muziki ukapigwa, na Dorothée akabaki pale na hasira yake, kwa sababu mwanamke aliyesukwa nusu ya kichwa hawezi kwenda popote. Saa mbili nzima aliyakariri kichwani atakayomwambia Prudent. Mtu amekuja kutazama michezo miwili kwa miezi saba! Na mmoja kati ya hiyo miwili aliukimbia mapumzikoni, kwa sababu ya mvua!

Kesho yake, mazoezini, alianza kuyavuna yaliyopandwa na radio.

Davy alifika na kitambaa cheupe kichwani na wasichana wawili wa mwaka wa kwanza nyuma yake. Akipata mpira, hautoki tena mkononi. Alimpita mtu wa kwanza, akampita wa pili, akamgeukia wa kwanza ampite mara nyingine, na hapo wakamnyang'anya. Christian naye alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme, na kazi yake ilikuwa moja tu, kusimama karibu na kikapu. Katika maisha yake alikuwa amefunga kutoka mbali mara moja, karibu macho yamefumbwa, na kwa bahati mbaya siku hiyo Prudent alikuwepo. Sasa alisimama huko mbali, karibu na mstari wa katikati, akirusha mipira kama mtu anayefukuza ndege shambani.

"Christian! Rudi chini ya kikapu!"

"Coach, radio ilisema…"

"Radio haichezi! Radio iko na maguu?"

Kisha akahesabu vichwa na kuona kwamba kimoja kimepungua.

"Louis iko wapi?"

Louis ndiye aliyekuwa akiupandisha mpira na kuuanzisha mchezo. Bila yeye wale wengine walikuwa kama kuku waliofunguliwa mlango. Tena hakuwa amekosa hata siku moja. Mwezi wa pili, kiwanja kilipojaa maji, waliofika walikuwa watu wawili tu, Louis na Dorothée mwenyewe, aliyekuja akidhani hatamkuta mtu.

"Hakuyi leo," Davy alisema, akikaza kitambaa chake.

Jumatano Dorothée alipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Mudzipela, nyumbani kwa akina Louis. Alimkuta uani pamoja na baba yake, muzee Honoré, wakipigilia mbao kwenye zizi la ndama. Mzee alimletea kiti, akamuuliza habari za nyumbani, habari za shule, habari za mume, na alipomaliza yote, ndipo akaeleza.

"Mutoto aliniambia, Baba, le lundi, Jumatatu hii, radio itasoma majina ya benye kuendelea. Nikaita majirani. Sita. Tukasikiliza mpaka mwisho, Mama. Tulisikia hata matangazo ya mbuzi benye kupotea. Jina la mutoto wangu, hapana."

Majirani sita! Dorothée aliona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyewaalika. Mzee alipoondoka kwenda kutafuta misumari, alimgeukia Louis.

"Njo juu ya Prudent unakataa kuya mu mazoezi? Prudent anajuwa nini?"

"Hapana, Coach. Prudent hanijuwe. Sikumukasirikia."

"Basi ulimukasirikia nani?"

Louis aliweka nyundo chini. Hakuwa kijana wa kubishana, na ilionekana kwamba maneno yale aliyapanga tangu juzi.

"Weye. Miezi saba, Coach. Kila asubuhi ninatoka hapa mpaka institut nikidunda mupira na mukono ya kushoto. Batu ba barabara banasema niko mwenda wazimu. Weye uliona mukono yangu imebadilika?"

"Niliona."

"Tangu mwezi gani?"

"Desemba," Dorothée alisema, na ilikuwa kweli. Aliikumbuka hata siku yenyewe.

"Na siku ile uliniambia nini?"

Hilo nalo Dorothée alilikumbuka. Alikuwa amempigia kelele kutoka upande wa pili wa kiwanja: "Na ule wa kulia, sasa umelala?"

"Sikiya, Louis," alisema. "Sifa inaharibu muchezaji. Si unamuona Davy?"

"Ndiyo, Coach. Lakini miye sijaharibika bado. Ungejaribu kidogo."

Alirudi mjini akiwa amemkasirikia kila mtu. Alimkasirikia Louis kwa kudai kubembelezwa kama mtoto mchanga. Alimkasirikia mwenye moto kwa kuyatafuta mashimo yote ya barabara, asiache hata moja. Lakini kabla hawajafika boulevard, barabara kuu ya mji, hasira ilikuwa imegeuka njiani na kumrudia mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Hakutaka kubaki nayo. Akamwambia mwenye moto ampeleke kwenye radio.

Prudent alikuwa ndani ya kachumba kake, visikilizio vya masikioni vimemning'inia shingoni.

"Mama Coach! Karibu! Ulisikia liste yangu?"

"Niliisikia. Ninataka uikosoe. Leo."

"Hakuna shida. Ikala hapa. Utaikosoa weye mwenyewe, niko direct mu dakika mbili."

Dorothée hakuwa amejiandaa kusema hewani. Hata hivyo aliketi, na taa nyekundu ilipowaka, miezi saba yote ilimtoka mdomoni kwa mpigo.

"Kwanza, Antoine iko Kasenyi. Anayemutaka amutafute kwa benye samaki. Pili, Davy hajaendelea. Davy alikuwa anajuwa mupira mu octobre, na leo anaujuwa vilevile, ila sasa hataki kuutoa. Christian nimwache. Anayeendelea ni mumoja, Louis. Mu octobre mukono yake ya kushoto ilikuwa kama mwiko ya bugali. Mupira ukifika huko, umekufa! Sasa anapitia kushoto kuliko kulia. Kila mara, kushoto, na hakuna mutu mu Bunia muzima anaweza kumufunga. Huyu njo numéro un. Numéro deux hakuna. Numéro trois hakuna."

Prudent alikuwa akitabasamu kama mtu aliyepata nyama bila kuwinda.

Alhamisi Louis alirudi mazoezini. Alimsalimia Dorothée kwa kichwa tu. Wenzake walikuwa wameshambatiza: "Mwiko, leta mupira! Mwiko, huku!" Davy hakuwa na kitambaa tena, wala wasichana. Christian alisimama chini ya kikapu kama alivyoagizwa, lakini alisimama kama mtu aliyefungwa gereza. Wachezaji wengine tisa, ambao kocha wao alikuwa ameutangazia mji kwamba nyuma ya Louis hakuna mtu, walikimbia walipoambiwa wakimbie na kusimama walipoambiwa wasimame, bila neno. Dorothée hajawahi kuchukia ukimya kama ule.

"Sasa nini?" alimuuliza Louis walipokuwa wakikusanya mipira. "Si nilisema? Si njo ulitaka?"

"Nilitaka uniambie miye, Coach. Haikuwa kwa muji muzima. Dada ya mama yangu ameniita Mwiko asubuhi."

"Mwenye kuomba mvua asichukie matope!"

"Ndiyo, Coach," Louis alijibu kwa adabu zote, na adabu hizo zikamkera kuliko tusi.

Jumamosi walicheza na institut ya ufundi kwenye kiwanja cha parokia. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Muzee Honoré alikuja na majirani wake sita, kila mmoja na kiti chake, wakaketi mstari wa mbele kama mashahidi wa arusi.

Mpira wa kwanza Louis aliupeleka kushoto. Wapinzani wawili walikuwa wanamngoja huko huko. Akarudi nyuma, akaanza tena, kushoto. Wawili wale wale. Mara ya tatu Dorothée alimtazama kocha wa upande wa pili, mwanamume mnene aliyevaa kofia, na yule bwana akamwinulia kofia kwa heshima. Naye alikuwa na radio nyumbani.

Dorothée alijishika mdomo kwa mkono, lakini ulikuwa mkono uliochelewa siku tatu.

Kufika mapumziko walikuwa nyuma kwa pointi kumi na mbili. Vijana walimzunguka, vichwa chini, wakingoja zile kelele za kila siku. Hazikuja.

"Ni miye," alisema. "Beko banamungoja Louis kushoto kwa sababu nilibaambia. Mu radio. Kwa kinywa changu. Munipige."

Hakuna aliyesogea. Kisha Christian akaanza kucheka, polepole, mabega yakimtikisika, na kicheko kikamshika wa pili na wa tatu.

"Coach," Davy alisema, "hata siye hautuambiaka mambo vizuri vile."

Louis peke yake hakucheka. Alikuwa amekunywa maji nusu chupa na anafikiri.

"Kama bawili beko kwangu," alisema, "kuko mumoja kwetu anabaki bila mutu. Miye nitaenda kushoto tu. Bakuye bote bawili kwangu. Ninyi muangalie nani iko peke yake."

Dorothée alifungua kinywa apange jambo hilo vizuri zaidi, akaona halina la kupangwa, akakifunga.

Basi Louis akaenda kushoto. Akaenda kushoto kama mtu asiyejifunza, na kila mara wale wawili walimjia, na kila mara mpira ulitoka kati yao ukapita chini ya mikono yao kwenda kwa mtu aliyeachwa. Mara nyingi alikuwa Christian, chini ya kikapu. Wakati mwingine alikuwa Davy, naye Davy, ambaye mikononi mwake mpira huwa unakufa, aliutoa. Kumi na mbili zikawa saba, saba zikawa nne. Majirani sita walikuwa wamepanda juu ya viti.

Zilipobaki sekunde tisa walikuwa nyuma kwa pointi mbili. Louis, kushoto. Wawili wakamfuata. Mpira kwa Davy. Davy angeweza kutupa mwenyewe. Njia ilikuwa wazi, na wasichana wote wa mwaka wa kwanza wanamtazama. Lakini alimwona Christian peke yake kabisa, akampa.

Christian aliudaka kwa mikono miwili, akageuka, akautupa kutoka umbali ambao mwanafunzi wa primaire, shule ya msingi, angefunga. Mpira ulizunguka juu ya chuma mara moja, mara mbili, ukaangukia nje. Filimbi ya mwisho ikalia.

Walipofika kwake, Dorothée alikuwa amesimama na mishipa ya shingo imemtoka. Metre moja! Chini ya kikapu! Nguzo nzima ya umeme, na hakuna mtu mbele yake! Yote yalikuwa tayari kwenye ulimi. Wale kumi na wawili walimwangalia wakiyangoja, na muzee Honoré pia, kutoka kwenye kiti chake.

"Christian," alisema, na ilibidi ayameze yale yote kwanza. "Mu octobre, mupira kama ule haungeushika. Ungekupiga mu uso. Leo uliushika."

"Nikaukosa, Coach."

"Ukaukosa. Niliona, niko na macho. Lakini uliushika."

Christian alijifuta uso kwa jezi, akakaa nao ndani ya jezi muda mrefu kidogo. Dorothée akamgeukia Louis.

"Weye, ya mukono nilishasema."

"Ndiyo. Bote balisikia."

"Ingine sikuisema. Mu octobre ukifungiwa njia ulikuwa unakasirika na kutupa mupira ovyo. Leo balikufunga dakika makumi ine, na haukukasirika."

"Nilikasirika, Coach."

"Haikuonekana."

Louis alitazama pembeni, kuelekea kwa baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akacheka. Dorothée aliendelea. Mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, aliwataja wote waliobaki: huyu sasa anarudi haraka kulinda, yule hagombani tena na mwamuzi. Wengine alilazimika kuwatafutia, lakini hakumwacha yeyote. Wa mwisho alikuwa Davy, aliyesimama mikono kiunoni.

"Na miye, Coach?"

"Weye…" Dorothée alimtazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Leo ulitoa mupira mara ine. Nilihesabu."

"Mara tano."

"Ine, Davy."

"Tano, Coach! Na ule wa kwanza, mbele ya mapumziko, karibu na ukuta?"

"Ule haukuutoa. Ule balikunyang'anya."

"Louis, sema! Nilikupatia ao sikukupatia?"

Louis alisema alipewa, Christian akasema hapana, mwingine akasema ulimgonga mguu tu. Walikuwa bado wanabishana juu ya mpira ule wa tano, Dorothée kwa sauti kuliko wote, mlinzi wa parokia alipokuja na funguo kuwaomba watoke, apate kufunga lango.